Raba ya Mlango wa Oveni na Amani ya Nyumba

Nyumba nyingi husafishwa kwa jicho la mgeni. Kioo cha oveni hufutwa hata kikang'aa, na sehemu ya juu ya jiko hupigwa sabuni kila jioni. Lakini ule ukanda mwembamba unaozunguka mdomo wa oveni, ambao mafundi huuita raba ya mlango, waweza kupitisha mwaka mzima pasina mkono wa mtu kuugusa. Mlango ukifungwa, ukanda huo umejificha. Ukifunguliwa, macho ya wote yamo katika keki.

Ukatibu wa kamati ya msikiti umenizoeza kuvistahi vitu vidogo vya namna hii. Katika daftari langu la mihtasari, mchango wa zulia jipya hukamilika upesi, kwa kuwa zulia huonekana. Bomba la kutawadhia linalovuja kwa sababu ya raba isiyozidi ukubwa wa kifungo cha kanzu laweza kuahirishwa vikao viwili, ilhali maji yanakwenda mchana na usiku. Hata hivyo bomba hilo halijapata kugombanisha mke na mume. Oveni yaweza, nami nimeliona hilo katika nyumba ya dada yangu.

Dada huoka mikate ya kumimina na keki kwa oda za majirani. Mumewe ndiye anunuaye gesi. Mtungi wa kilo 15 uliokuwa ukiwatosha wiki tano ulianza kwisha katika wiki ya nne, kisha hata kabla ya hapo. Shemeji aliuliza mara ya kwanza kwa upole. Mara ya tatu swali lake lilikuwa na ncha. Dada alilisikia kama tuhuma: kwamba anaficha mapato ya oda, au anawaokea watu asiowataja. Akajibu kwamba yeye hakuolewa na mwanamume wa kumhesabia mikate. Wakafika mahali pa kuzungumza kwa kupitia watoto. Ndipo mama yetu aliponituma, akisema, "Nenda ukawasikilize, mwanangu, kabla wazee hawajaitwa."

Nilimsikiliza kila mmoja, na katika maneno ya dada nikapata jambo ambalo shemeji hakuwa amelisikia: keki zilikuwa zikiiva upande mmoja, na kila mkate ulihitaji robo saa zaidi ya desturi. Nikawaomba twende jikoni sote. Oveni ilikuwa imewashwa. Shemeji alisogeza kiganja, pasipo kugusa, karibu na pembe ya juu ya mlango, akakirudisha haraka. Joto lilikuwa likitoka hapo kama pumzi.

Kazi ya raba hii ni kuziba upenyo kati ya mlango na mwili wa oveni ili hewa ya moto ibaki ndani. Isipokaza, joto hutoroka. Oveni yenye kidhibiti joto huongeza moto ili kufidia kilichopotea. Isiyo nacho humlazimu mpishi kuongeza moto mwenyewe au kuoka kwa muda mrefu. Kwa vyovyote vile, gesi huungua zaidi. Upande ulio karibu na upenyo hupoa, na ndiyo maana keki huiva kwa upendeleo.

Oveni ilipopoa kabisa tulifanya jaribio lisilogharimu kitu. Tulibana kipande cha karatasi mlangoni, tukakivuta polepole, kisha tukarudia kila baada ya shubiri moja. Mahali raba ilipo nzima, karatasi hugoma kidogo. Kwenye ile pembe ilichomoka bila kizuizi. Tulipofungua mlango tuliona sukari na mafuta yaliyoungua yameganda juu ya raba, na kulabu moja imetoka tunduni.

"Kumbe mwizi yuko mlangoni," akasema shemeji.

"Nawe ulikuwa ukimtafuta kwangu," dada akamjibu. Hakucheka. Shemeji akainamisha kichwa, akamwomba radhi mbele yangu, kisha akakunja mikono ya kanzu na kuuliza beseni liko wapi.

Ndugu msomaji, kabla ya kusafisha, tambua kwanza raba yako ni ya aina gani. Ikiwa ni mpira laini wa silikoni wenye kulabu ndogo pembeni, aghalabu huweza kutolewa: hakikisha oveni imepoa na imezimwa, kisha ivute kila pembe taratibu kwa mshazari. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sponji laini. Uchafu uliokauka uulainishe kwa kitambaa kilichoroweshwa, ukiache juu yake dakika kumi. Usiukwangue kwa kisu wala waya wa kusugulia masufuria. Futa pia mfereji inamokaa, iache ikauke, ndipo uirudishe.

Ikiwa ni ya nyuzi zilizofumwa, mfano wa utambi mnene, usiisugue wala kuiloweka, kwa kuwa nyuzi zake hulegea na kupoteza umbo. Igonge-gonge tu kwa kitambaa chenye unyevu mdogo. Dawa kali za kupuliza za kusafishia oveni zisiguse aina yoyote kati ya hizi. Gundi ya kawaida nayo haifai, maana haistahimili moto na hutoa moshi karibu na chakula. Na ukiona raba imezunguka pande tatu tu, huku chini pakiwa wazi, usidhani imekatika. Baadhi ya oveni zimeundwa hivyo, na nafasi hiyo isizibwe.

Raba iliyopasuka, iliyokakamaa au iliyobonyea haiponi kwa sabuni. Ya dada ilikuwa imepasuka kwenye pembe ile. Shemeji aliitoa, akapima urefu wake, akahesabu kulabu, akaandika jina na namba ya oveni, kisha akaenda nayo dukani mkononi ili asiuziwe isiyolingana. Mtungi uliofuata ulirejea katika wiki zake tano.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Raba huzuia joto. Harufu ya gesi ni habari nyingine. Ukiisikia, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya umeme, utoe watu nje na umwite fundi akague mpira wa gesi na regyuleta.

Ramadhani inapoingia, majiko yetu huanza kufanya kazi kuliko miezi mingine, na matumizi huongezeka hata katika nyumba yenye mpango mzuri. Huo ndio wakati ambapo swali la "gesi inakwenda wapi?" huulizwa kwa uchovu na njaa. Basi ni bora liulizwe sasa, na waulizane wote wawili wakiwa wamesimama mbele ya oveni iliyopoa, mmoja ameshika karatasi na mwingine ameshika mlango. Baada ya hapo, kitambaa chenye unyevu kipite juu ya raba kila mafuta au sukari inapomwagika, na jaribio la karatasi lirudiwe kila mwezi. Watoto nao waitwe waone namna karatasi inavyogoma. Wakikua, watajua kukagua kitu kabla ya kumshuku mtu.