Chapati ya Eastlands na Safari Yake

Wageni wengi wafikapo Nairobi hutazama majumba marefu ya katikati ya mji, kisha hurudi kwao wakidhani wameuona mji wote. Lakini Nairobi ya watu wa kazi iko upande wa mashariki, katika mitaa iitwayo kwa jumla Eastlands: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho na mingine mingi. Mtu apitaye huko Jumapili alasiri hapana budi atasikia harufu ya chapati juu ya chuma cha moto, na ya vitunguu vikaangwavyo pamoja na bizari na dania. Chakula ni cha asili ya Bara Hindi, lakini wapishi ni Waluo, Wakikuyu, Wakamba na Waluhya. Yafaa tuulize kilifikaje huko.

Watu wa pwani walikijua tangu zamani, kwani majahazi yalifika Mombasa na Lamu kwa pepo za kaskazi karne nyingi kabla ya reli. Maneno chapati, bajia, kachumbari na achari yametoka Bara Hindi, nasi tumeyafanya kuwa Kiswahili. Bara, chakula hiki kilipanda pamoja na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani mwaka 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Wapatao 2,500 walikufa, wengi walirudi kwao, na karibu 6,700 walibaki. Hao, pamoja na wafanya biashara waliokuja baadaye, walifungua maduka mijini na mashambani, na kwa njia hiyo Mwafrika akaanza kununua unga wa ngano, samli na viungo.

Lakini kuuziwa unga si kukaribishwa mezani. Siku za ukoloni makao ya Nairobi yaligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa kwenye miinuko ya magharibi; Wahindi walikaa Ngara, Parklands, Pangani na Eastleigh; Waafrika wakawekwa Eastlands. Mwafrika aliingia nyumba ya Mhindi kwa mlango wa jikoni, akiwa mpishi au yaya. Huko alikanda unga na kukaanga viungo, na jioni alirudi katika chumba kimoja alichogawana na wenzake, maana nyumba nyingi za wakati ule zilijengwa kwa wanaume wasio na jamaa mjini. Alirudi na ujuzi mikononi. Basi chakula kilivuka mpaka ambao watu wenyewe hawakuruhusiwa kuuvuka ila kwa sababu ya kazi.

Tukianza matembezi yetu Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, tutaona njia ya pili. Hapo walikaa Waislamu wengi wenye desturi za pwani, na pilau yao ya arusi na ya Idi ilifundisha majirani kutumia jira, iliki, mdalasini na karafuu. Wenzao waliohamishwa kutoka kijiji cha zamani cha Pangani walijengewa Shauri Moyo mwaka 1938. Jirani hapo liko soko la Burma, lililopewa jina la nchi walikopigana askari wetu katika Vita Kuu ya Pili. Nyama ya soko hilo ni mashuhuri, na pilau nyingi za Eastlands huanzia hapo.

Tukivuka barabara ya Jogoo, iliyoitwa zamani Doonholm, twafika Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940. Katika ukumbi wake, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, Mhindi mwenye asili ya Punjab na kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alisimama mbele ya mkutano wa Waafrika na Wahindi akadai uhuru kamili wa nchi hizi. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa mpaka mwaka 1961. Kumbe walikuwako waliovuka mpaka kwa miguu yao wenyewe, wakalipa gharama yake.

Sasa tuingie jikoni. Chapati ya Eastlands si ile roti kavu ambayo Wahindi wengi hula kila siku. Yafanana zaidi na parata yao yenye tabaka. Chukua vikombe vinne vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vitatu vya mafuta na kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu. Kanda mpaka unga uwe laini, ufunike nusu saa. Gawa madonge kumi, sukuma kila moja, lipake mafuta, lizungushe kama konokono, liache kidogo, kisha lisukume tena. Asiye na kifimbo hutumia chupa. Chuma kiwe cha moto sawasawa: kikipoa chapati hukauka, kikizidi huungua nje na kubaki mbichi ndani.

Mchuzi wake ulio mwema ni wa ndengu, ambazo watu wa pwani huziita pojo na Watanzania choroko. Zichemshe mpaka ziive, kisha ziunge kwa vitunguu, nyanya, tangawizi, bizari na dania. Hapa ndugu zetu wakulima wa Kitui, Makueni na Machakos wana sehemu yao, kwani ndengu hustahimili ukame, na soko lake liko katika sufuria hizi.

Zamani chapati ilikuwa chakula cha Krismasi na cha wageni, na watoto waliihesabu moja moja. Siku hizi huuzwa vibandani kila siku pamoja na maharagwe, na vijana huiita “chapo”. Hakuna tena aionaye kuwa ya kigeni.

Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Ni jambo jema, lakini tangazo la Serikali haliwezi kuwaketisha watu pamoja. Ziko nyumba nyingi Eastlands zipikazo chakula cha Wahindi kila Jumapili ambazo hazijapata kumkaribisha Mhindi hata mmoja; na huko Parklands ziko nyumba ambazo mpishi Mwafrika hupika vizuri kuliko wote, lakini hula peke yake jikoni. Chakula kimekwisha fika safari yake. Sisi tulio wenye kula bado tuko njiani, na wa kwanza kutengeneza mahali mezani kwa jirani yake ndiye atakayeifupisha.