Aliyenikaba Usiku



Wazee wetu husema kwamba usingizi ni ndugu ya mauti. Neno hilo niliwafundisha watoto wa shule kwa miaka mingi, pasipo kujua kwamba ndugu hao wawili walikuwa wakikutana kila usiku chumbani mwangu. Leo nataka kuwasimulia mambo yaliyonipata mimi na jamaa yangu hapa Lubumbashi. Sisimulii kwa kujisifu, maana humo sina sifa, bali kusudi mtu mwingine asije akatenda kosa nililolitenda.

Mimi ni mwalimu, mtu mnene wa shingo fupi, na tangu ujana wangu nakoroma. Nyumbani walicheka tu. Mtu akikoroma, husema ameshiba bukari na amelala vema. Lakini nilipopita miaka 50, mkoromo wangu uligeuka. Ulipanda, ukapanda, halafu ukakatika ghafula, kimya kabisa. Kisha nikashtuka kwa kishindo na kuvuta hewa kwa nguvu. Mke wangu aliniambia, “Baba Yosefu, usiku unakata pumzi, kisha unaruka kama mtu aliyetolewa majini.” Mimi sikukumbuka neno, nikamjibu kwamba anaota. Mwishowe akachoka, akahamia chumba cha binti zetu.

Mchana nao ulinishinda. Niliamka na kichwa kinachouma na mdomo mkavu, hali nimelala saa nane nzima. Usiku nilitoka mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Darasani niliwapa watoto zoezi, nao walipoinamia madaftari, mimi nilikuwa nimekwisha kusinzia kitini. Nikaanza kusahau majina ya wanafunzi. Nikawa mtu wa hasira kwa jambo dogo.

Nyumbani mwetu alikaa shangazi yangu, dada ya marehemu baba, mjane asiye na mtoto. Chumba chake kilipakana na changu. Usiku mmoja, yapata saa nane, kijana wangu Yosefu alimkuta amesimama gizani mlangoni pangu. Siku nyingine alimwona ndani, ameinama juu ya kitanda changu, mkono wake kifuani mwangu. Alipoulizwa, mama yule alisema, “Pumzi yake ilikatika. Nilikwenda kumwamsha.” Wakatazamana. Nani husikia pumzi ya mtu kupitia ukuta? Tangu siku hiyo neno baya likaingia nyumbani, nalo ndugu zangu wakaanza kulisema kwa sauti ndogo: shangazi ndiye anayemkaba Mwalimu.

Kisha ikatokea ajali. Nilikuwa nikiendesha gari la shemeji yangu katika njia ya Likasi, mchana kweupe, pamoja na mke wangu na watoto wawili. Sikulewa, wala gari halikuharibika. Macho yalifumba, basi. Nilipoyafumbua tulikuwa mtaroni, na binti yangu Maria alikuwa akilia: mkono wake ulikuwa umevunjika. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini jioni ile ile jamaa walikutana, na hukumu ilikuwa tayari kabla ya kikao. Wakasema shangazi arudishwe kijijini, upande wa Kasenga. Nilikuwa na ulimi, nami ni mwalimu, nikanyamaza. Mama yule alifunga mzigo wake mwenyewe. Kwenye basi aliniambia neno moja tu: “Mtoto wa ndugu yangu, lala kwa ubavu.” Niliona aibu, lakini sikumrudisha.

Majuma matatu baadaye nilimpeleka Maria kwa daktari aliyemfunga mkono. Tulipokuwa tukingoja, nikasinzia. Daktari alitoka, akanisikiliza kidogo nikikoroma, akaniamsha. Akanipima damu: 17 kwa 10. Akanipa maswali manane yaliyotungwa na Murray Johns wa Melbourne, Australia, mwaka 1991: Je, husinzia ukisoma? Ukikaa mkutanoni? Ukiwa garini? Kila swali hupewa alama kutoka 0 hata 3, na mtu anayepita 10 kwa jumla ana usingizi wa mchana usio wa kawaida. Mimi nilipata 17.

Kisha akauliza, “Nani hulala karibu nawe? Mgonjwa wa namna hii hajijui. Shahidi ni yule amsikiaye usiku.” Nikakaa kimya. Shahidi wangu tulikuwa tumemfukuza.

Nilipofika nyumbani Yosefu alinijia, uso umeinama. Alikuwa ameweka simu yake karibu na kitanda changu usiku uliotangulia na kunasa sauti. Tukasikiliza pamoja: mkoromo, halafu kimya. Nilihesabu kimya kimoja, sekunde 38. Kijana akasema, “Baba, shangazi yuko Kasenga. Basi nani aliyekukaba jana?” Swali hilo lilinichoma kuliko ajali.

Daktari aliniazima chombo kidogo cha kulala nacho usiku mmoja: mkanda kifuani, mrija mwembamba chini ya pua, na kibanio kidoleni cha kupimia oksijeni katika damu. Asubuhi akanisomea. Pumzi yangu ilikuwa imekatika au kupungua sana mara 41 katika kila saa. Oksijeni, ambayo kwa mtu mzima hukaa karibu na 95 kwa 100 au zaidi, ilikuwa imeshuka hata 74. Alinieleza kwamba huhesabiwa tu kila mkato unaodumu sekunde 10 au kupita. Kutoka 5 hata 15 kwa saa ni ugonjwa mdogo, kutoka 15 hata 30 ni wa kadiri, na 30 kwenda juu ni mkali. Jina lake ni apnea ya usingizi ya kuziba koo.

Alinifafanulia hivi. Koo la mtu si bomba la chuma. Limezungukwa na nyama laini. Tukiwa macho, misuli huliweka wazi. Tukilala, misuli hulegea, ulimi hurudi nyuma, na njia ya hewa husinyaa. Hewa ikipita kwa shida, nyama hutetemeka, na huo ndio mkoromo. Kwa watu wengine njia huziba kabisa. Kifua hufanya kazi bure, oksijeni hushuka, hata ubongo ukaamka kwa nukta chache kuokoa uhai. Koo hufunguka, mtu huvuta hewa, hulala tena, na yote huanza upya. Asubuhi hakumbuki kitu. Ndiyo sababu analala saa nane na kuamka kama aliyelima usiku kucha. Kila mara moyo hupigwa kama kwa mjeledi: damu hupanda, na baada ya miaka kiharusi na magonjwa ya moyo huwa karibu. Barabarani, usingizi wake ni hatari kwake na kwa wengine.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1965 waganga wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila kundi peke yake, walipima watu wakiwa wamelala na kuona pumzi zao zikikatika. Zamani wale walioshikwa sana walitobolewa tundu shingoni ili wapumue. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walitangaza njia nyingine: mashine ndogo ipulizayo hewa puani kupitia kinyago. Hewa ile haisukumi mapafu. Hulizuia koo lisianguke, kama hewa iliyomo katika mpira wa baisikeli. Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 yasema watu wazima karibu milioni 936 duniani, wenye miaka 30 hata 69, wana ugonjwa huu, mdogo au mkali. Wengi wao hawajui.

Siku ya pili nilipanda basi kwenda kijijini. Nilimkuta shangazi akichambua maharagwe. Nikapiga magoti mbele yake na kumweleza yote, habari ya daktari na ya simu ya Yosefu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Nilikuambia ulale kwa ubavu.” Nikamwomba msamaha. Alikaa kitambo, mikono yake imo katika maharagwe, kisha akajibu, “Marehemu mume wangu alikufa usingizini akikoroma hivyo hivyo. Kwake sikuamka. Kwako sikutaka kulala.” Sikuwa na neno la kumjibu. Tulirudi naye, na mbele ya jamaa wote waliokaa kikao nilisema kosa lilikuwa la nani.

Mashine yenyewe, bei yake yapita mshahara wa mwalimu wa miezi mingi. Mtoto wangu mkubwa aliyeko Liège, Ubelgiji, alinitumia moja iliyokwisha kutumika, na daktari akaitengeneza kwa kipimo changu. Usiku wa kwanza nilivua kinyago mara tano. Juma la tatu nilizoea. Umeme ukikatika, nao hukatika mara nyingi, natumia betri ya gari na kigeuza umeme, nami nazima sehemu ya kulowesha hewa ili betri idumu. Kinyago nakiosha kwa sabuni kila siku. Mashine haiponyi, husaidia usiku ule tu uivaapo. Lakini kichwa hakiumi tena asubuhi, damu imeshuka pamoja na vidonge vyangu, na mke wangu amerudi chumbani. Gari sikuligusa mpaka daktari aliponiruhusu.

Si kila mgonjwa huhitaji mashine. Mwenye ugonjwa mdogo huweza kusaidiwa kwa kulala ubavu, kupunguza unene, na kuacha pombe jioni, kwa maana pombe hulegeza koo, na vidonge vya usingizi vyaweza kulizidisha shauri. Wengine hupewa kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele. Desemba 2024 Marekani iliruhusu dawa ya sindano, tirzepatide, kwa watu wazima wanene wenye ugonjwa wa kadiri au mkali. Hupunguza uzito, na mikato ya pumzi pamoja nao.

Tena msifikiri ni ugonjwa wa wanaume wanene tu. Wanawake huupata, zaidi baada ya hedhi kukoma. Hata watu wembamba huupata. Mtoto akoromaye kila usiku, apumuaye kwa mdomo, asiyetulia darasani, huenda mafindofindo yake yameziba njia ya hewa, na mara nyingi kuyaondoa humsaidia. Nakumbuka wanafunzi niliowaadhibu kwa kusinzia, nami najuta.

Basi, ndugu wasomaji, mwenzako akikoroma, usicheke tu. Sikiliza kama kuna kimya katikati. Hesabu. Mwambie asubuhi, naye aende kwa daktari. Na mtu akija kukwambia kwamba fulani anamkaba fulani usiku, kwanza uliza ni nani aliyekesha akimsikiliza mgonjwa. Katika nyumba yangu alikuwa mmoja tu, naye ndiye tuliyemfukuza.