Likizo ya Baharini na Klabu ya Watoto: Nani Anashika Amana?

Watu wa mwambao wamesafiri baharini na watoto wao tangu enzi za majahazi, na katika safari zile hakuna aliyelazimika kuuliza ni nani atakayemwangalia mtoto. Alimwangalia kila mtu. Mama akilewa bahari, mwanamke wa kando yake alimpokea mtoto akampakata. Nahodha naye alimkemea kijana aliyeegemea ukingo wa chombo kana kwamba amemzaa yeye. Swali la malezi safarini limekuja juzi tu, pamoja na hoteli za ufukweni na meli za kitalii, ambazo humpa mzazi kitu ambacho bibi zetu hawakukijua: chumba kilichopakwa rangi nyingi, vijana waliovaa fulana za aina moja, na tangazo mlangoni kwamba mzazi anaweza kumwacha mwanawe pale akaenda kupumzika. Chumba hicho huitwa klabu ya watoto.

Sisi tulikutana nacho likizo ya Desemba iliyopita. Tulipanda feri hapa Tanga hadi Pemba, tukakaa siku tatu kwa jamaa zetu wa Wete, kisha tukaunganisha kwa njia ya Mkoani hadi Unguja, ambako ndugu yetu alikuwa ametulipia siku nne katika hoteli moja ya pwani ya Kiwengwa. Watoto wetu ni watatu: binti wa miaka 9, mvulana wa miaka 6, na kitinda mimba ambaye hakuwa bado ametimiza miaka 2. Tulipomweleza bibi yao kwa simu kwamba hoteli ina mahali pa kuwaacha watoto, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wanangu, mmekwenda kutembea na watoto au mmekwenda kuwaweka rehani?"

Neno hilo lilituuma, na halikutuuma bure. Kwa upande mmoja lilikuwa na haki. Kwa upande wa pili, mmoja wetu, yule aliye mama, alikuwa hajalala usiku mzima bila kuamshwa tangu kitinda mimba azaliwe, na huyo bibi mwenyewe aliwalea wanawe katika nyumba ya Ngamiani yenye shangazi wawili, mama mdogo, na majirani ambao milango yao haikufungwa mchana kutwa. Hakuwaweka watoto rehani kwa sababu hakuhitaji. Mkeka wa barazani ulikuwa ndiyo klabu. Sisi tunaishi katika nyumba ya kupanga yenye geti, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta tunamjua kwa sauti ya gari lake. Anayemlaumu mama wa leo kwa kutaka saa mbili za usingizi ampelekee kwanza shangazi wawili.

Hata hivyo hatukutaka uchovu utuamulie. Katika mafunzo ya dini yetu mtoto ni amana, na Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Aliswali huku amembeba mjukuu wake Umama, binti Zaynab, na alipokuwa akiswalisha na kusikia kilio cha mtoto aliifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Mafunzo haya yana pande mbili, na mara nyingi mimbarini tunausikia mmoja. Mtoto asipuuzwe, ndiyo. Lakini pia shida ya mama ilihesabiwa, mpaka ikapunguza kisomo cha swala ya jamaa. Kwa hiyo hatukuona kwamba kutafuta msaada ni dhambi. Kilichobaki kilikuwa kujua tunamkabidhi nani.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda wote watano mlangoni. Tulipewa fomu ya kujaza: majina, umri, namba ya chumba, chakula au dawa inayomdhuru mtoto. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na ruhusa ya kuwapiga watoto picha na kuzitumia katika matangazo, nayo ilikuwa imekwisha kuwekewa alama ya kukubali. Tuliifuta. Jambo hili linastahili kusemwa kwa sauti, kwa sababu wazazi wengi hutia saini huku mtoto anawavuta mkono, na kesho sura ya binti yao iko mtandaoni akiwa na nguo ya kuogelea.

Walezi walikuwa wawili, binti mmoja wa Kiunguja na kijana mmoja wa bara, na watoto siku hiyo walikuwa 11. Tuliuliza jambo ambalo tulijua litawafanya wacheke: nani anampeleka mtoto chooni? Hawakucheka. Yule binti alitueleza kwamba watoto wa kike huwapeleka yeye, wa kiume huwapeleka mwenzake, na mlango wa nje hauachwi kufungwa. Tukauliza tena, je, akiwa yuko chooni na mtoto, wale 10 waliobaki wako na nani? "Na mwenzangu peke yake," akasema, bila kupamba. Jibu lile lilitupa imani kuliko lingekuwa la kupendeza, maana aliyesema ukweli katika dogo ana nafasi ya kusema ukweli katika kubwa. Tulitazama pia mlango unaotoka kwenda kwenye bwawa la kuogelea. Ulikuwa na komeo juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Kitinda mimba hawakumpokea. Klabu yao ilianzia miaka 4.

Chakula kilichukua muda zaidi. Zanzibar ni nchi ya Waislamu na jiko la hoteli lilikuwa na wapishi Waislamu, lakini hoteli ni ya wageni wa kila namna, na vitafunio vya watoto havikutoka jikoni pale. Vilitoka kwenye makopo na pakiti. Palikuwa na pipi laini za kutafuna, zile zinazotengenezwa kwa jelatini, na pakiti haikusema jelatini hiyo imetokana na mnyama gani. Tulimwomba binti asiwape wetu. Akatuonyesha ndizi na maembe, akasema pipi hizo na yeye hali.

Basi tukawaacha saa 3 asubuhi hadi saa 5. Mama akalala. Baba akambeba kitinda mimba akatembea naye ufukweni, maji yakiwa yamekupwa mpaka karibu na mwamba, na wanawake wa kijiji wameinama kwenye mashamba yao ya mwani. Hakuna la kusimulia katika saa mbili zile, na hilo ndilo lililokuwa tamu.

Tulipokwenda kuwachukua, mvulana hakutaka kutoka. Binti yetu alitoka kichwa wazi, mtandio ameukunja mkononi. Alikuwa akicheza kukimbizana, ukaanguka, akaona bora aushike. Hakuna aliyemlazimisha. Ana miaka 9, na bado hajafikia umri wa kuandikiwa. Lakini alianza kujifunika mwenyewe tangu Ramadhani, na tulikuwa tumelipokea jambo hilo kama mche unaochipua, tukiogopa kuuvuta. Usiku ule tulizungumza kwa muda mrefu. Baba alihisi kwamba mahali ambapo hakuna mtoto mwingine aliyejifunika pangemchosha mtoto taratibu, kila siku kidogo, hata kama hakuna anayemkataza. Mama alisema mtoto aliyefungiwa asione wasiojifunika hatajua kwa nini yeye anajifunika. Hatukukubaliana, na mpaka leo kila mmoja amebaki na lake. Lakini asubuhi ya pili yule binti mlezi, bila kuombwa, alimwita mwanetu pembeni, akatoa pini kwenye ushungi wake mwenyewe, akaubana mtandio shingoni vizuri usianguke akikimbia. Tangu hapo haukuanguka tena.

Pini ile ilitufundisha kuliko fomu yote. Mtoto hukabidhiwa mtu, hakabidhiwi chumba. Na mwambao wetu umekwisha kulijua hilo katika mambo mengine. Miaka ya 1980, kule Mombasa, wazee wa Kiislamu walipotaka watoto wao waanze masomo mapema bila kupoteza Qurani, mwalimu Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, alianza kuwafunza wanawake wa mitaa ileile kuwa walimu wa watoto wadogo katika madrasa, na mpango ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Mzazi alimjua mwalimu, na mwalimu alimjua mzazi. Klabu ya hoteli haina miaka ya kujuana. Ina dakika 10 za mlangoni. Ndiyo maana dakika hizo zisipotee katika kusifu michoro ya ukutani.

Mambo mawili tuliyakataa kabisa. Kipindi cha jioni kilianza saa 9 na kuukata wakati wa Alasiri katikati. Huyo wa miaka 9 tungemtoa kila siku mchezo ukiwa umepamba moto, na swala ingekuwa adui yake. Tukaona jioni ziwe zetu. Na saa 1 usiku palikuwa na dansi ya watoto. Magharibi imetoka, Isha haijaingia, muziki unapigwa kando ya baa. Mtume (s.a.w.) aliagiza watoto wazuiwe ndani giza linapoanza kutanda, na hakuna mama wa Chumbageni wala Makorora asiyeijua sauti ya kuwaita watoto saa ile. Mlezi alipotuuliza kama watakuja usiku, tulimjibu kwamba kwetu huo ni wakati wa nyumbani, naye akasema, "Na kwetu pia."

Shangazi yetu aliyeko Maskati, ambaye alipanda meli ya kitalii na wajukuu wake, hutuambia kwamba huko mambo ni makubwa zaidi. Majira ya baridi meli hizo huondoka Dubai, Abu Dhabi na Doha zikitembelea miji ya Ghuba, na hutia nanga Matrah palepale mjini. Klabu zake hugawanya watoto kwa umri, mtoto huvishwa bangili, na mzazi hutoa neno la siri ili asije mtu mwingine kumchukua. Wakubwa, kuanzia ujana, huruhusiwa kujiondokea wenyewe mzazi akitia saini. Hapo shangazi alikataa, akasema meli ina korido nyingi kuliko busara ya mvulana wa miaka 13.

Lakini swali lake lililotukaa zaidi lilikuwa hili: king'ora kikilia na mtoto yuko klabu ghorofa ya juu, nawe uko chumbani chini, unakimbilia wapi? Baada ya meli ya Costa Concordia kupinduka Italia Januari 2012 na kuua watu 32, kanuni za kimataifa zilibadilishwa. Tangu 2015 abiria wa safari ndefu hufanyishwa zoezi la dharura kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Kanuni hizohizo hutaka jaketi okozi za watoto zisipungue sehemu moja ya kumi ya idadi ya abiria, na ziongezwe ikibidi ili kila mtoto apate yake. Shangazi hakuondoka kwenye zoezi mpaka alipoambiwa ni mlezi gani angewaleta wajukuu wake, na wapi.

Sisi wa upande huu hatuhitaji Italia kutukumbusha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu zaidi sana ya kiwango chake, na familia nzima nzima zilipotea. Julai mwaka uliofuata ikazama MV Skagit. Kwa hiyo tulipopanda feri Tanga tuliuliza ziko wapi jaketi za watoto kabla ya kuuliza tukae wapi. Baharia alifungua sanduku akatuonyesha, na tulimvisha mvulana moja ili aone inavyofungwa. Tukawaambia pia watoto kwamba kutoka Tanga kwenda Pemba chombo huelekea mashariki, na kibla huwa upande wa kushoto. Akipotea binti yetu ndani ya feri, tulimwambia, asitutafute, asimame upande wa kibla, sisi tutamkuta huko. Aliirudia amri hiyo njia nzima kwa fahari, mpaka wazee waliokuwa karibu wakaanza kumsahihisha mvulana alipoelekeza kulia.

Likizo ya Juni, in shaa Allah, tunakusudia kwenda karibu zaidi. Tumezungumza na familia tatu za jamaa zetu kupanga nyumba upande wa Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, na kumchukua mmoja wa walimu wasichana wa madrasa ya mtaani kwetu kwa siku nne. Atalipwa ujira kamili, si chai na ahsante. Atakaa na watoto asubuhi chini ya minazi, kina mama watalala kwa zamu, na Alasiri watoto watarudishwa kwa wazazi wao. Bibi amesema na yeye atakuja, ili aone. Kilichobaki ni kumpata mwanamke anayejua kuogelea vizuri wa kuingia na wasichana majini, kwa kuwa mwalimu wetu ametuambia wazi kwamba yeye bahari huitazama kwa mbali.