Usiku Wetu wa Saadani

Mwenye kutoka Bagamoyo kwenda Pangani, akisha kuvuka mto Wami, huingia Saadani, mahali ambapo tembo na twiga hula majani na mawimbi ya bahari yasikika. Mwaka 2005 pwani hii ilifanywa Hifadhi ya Taifa.

Tulikwenda na vijana tisa wa madrasa, tukapiga mahema karibu na pwani. Wageni walikuwa wachache, na kimya chake ni kikubwa mno kwa aliyezoea mji. Zamani haikuwa hivyo. Saadani ilikuwa bandari ya misafara ya bara, na hapo ndipo Bwana Heri alipopigana na Wajerumani mwaka 1889, hata akasalimu amri mwaka 1890. Katika vijana wetu hapakuwa na aliyepata kulisikia jina hilo. Kosa ni letu sisi walimu.

Usiku ule maji ya madumu yalikwisha, yakabaki ya kunywa tu. Alfajiri, kungali giza, tuliwaamsha vijana twende tukatawadhe baharini, kwani maji ya chumvi yasihi kutawadhia. Hatukufika mbali. Askari wa hifadhi alitumulika taa, akasema hapana kutoka kambini mpaka kuche. Tulimjibu kwa ukali kwamba wakati wa Sala haumngoji askari. Akanyamaza, lakini hakuondoka njiani.

Hapo kijana mmoja, mdogo kuliko wote, akasema kwa adabu: "Maalim, si ulitusomesha kuwa mwenye kuhofia mnyama mkali baina yake na maji huruhusiwa kutayamamu?"

Naam, mas'ala hiyo tumeisomesha miaka mingi, tukiidhani ni habari ya majangwa ya Arabuni. Tulimtaka radhi askari mbele ya wanafunzi wetu, jambo lisilo jepesi kwa mtu wa umri wetu. Kisha tukatafuta udongo wenye vumbi, maana mchanga wa ufukweni ulikuwa umelowa, tukatayamamu, tukasali nyuma ya mahema. Naye alisimama kando na bunduki yake mpaka tulipotoa salamu.

Kulipokucha tuliteremka naye pwani. Katikati ya njia ile ile palikuwa na nyayo za tembo, pana kama sinia, na kinyesi kingali kikifuka mvuke. Vijana walizizunguka pasi na kusema neno. Askari akatueleza habari za kasa wanaopanda usiku kutaga mayai katika ufuko wa Madete, upande wa kaskazini.

Yule mdogo akatuuliza kama tutarudi mwakani. Tukamwambia inshallah, lakini kwa madumu mengi zaidi.