Luku Moja, Wapangaji Wengi

Ufadhili wangu ulikatika nikiwa katikati ya shahada ya uzamivu. Barua haikueleza mengi: mradi umefungwa, posho imesimama. Nafasi ya maabara nayo ikapewa wenye miradi hai, nikabeba kompyuta yangu yenye kadi moja ya grafiki hadi chumbani Kimara, kwenye nyumba ya wapangaji wanaotumia Luku moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla.

Aliyewahi kuishi nyumba ya namna hiyo ameshaelewa. Mashine inayoiga mwendo wa molekuli hailali. Wenzangu walijinyima hata pasi, mimi nawasha usiku kucha. Likazuka neno kwamba nachimba sarafu za mtandaoni. Mama mwenye nyumba akaniita uani.

“Mwanangu, hiyo mashine inazalisha nini?”

“Shikamoo mama. Nahesabu nguvu inayofanya mafuta yagome kuchanganyika na maji, na jinsi sabuni inavyoipunguza.”

Akatazama beseni lake la vyombo. “Hilo mbona tunalijua?”

Na kweli analijua, tena kwa mikono. Nisichoweza kumwonyesha ni molekuli zenyewe. Nilikuwa nafanya kazi na sodiamu dodesili salfeti, ile iliyomo kwenye shampuu na dawa nyingi za meno. Kichwa chake hupenda maji. Mkia wake wa kaboni 12 huyakimbia. Ikizidi takribani milimoli 8 kwa lita, molekuli hujikusanya kama 60 hivi, mikia ndani, vichwa nje. Kundi hilo ndilo miseli. Pakiwepo mafuta, molekuli hizo hujipanga kwenye mpaka wa mafuta na maji. Kati ya mafuta ya dekani na maji matupu ile nguvu ya mpakani, yaani mvutano, ni kama milinyutoni 52 kwa mita. Sabuni huushusha hadi karibu na 10.

Kwenye karatasi, kuipata namba hiyo kwa kompyuta ni jambo jepesi. Unapima kanieneo inayokata mpaka na ile inayokwenda sambamba nao, unatoa moja kwa nyingine, unazidisha kwa urefu wa boksi, unagawa kwa mbili kwa kuwa boksi lina mipaka miwili. Kirkwood na Buff walilionyesha hilo mwaka 1949. Balaa ni kwamba katika boksi la nanomita 10, tofauti unayoitafuta ni kama mara 100 ya kanieneo ya hewa tunayovuta, huku kanieneo ya papo kwa papo inaruka juu na chini kwa mamia. Inabidi uchukue wastani wa muda mrefu mno. Hatua moja ni femtosekunde 2, kwa hiyo nanosekunde 100 ni hatua milioni 50. Umeme wa watu ulikuwa unaishia huko.

Kisha ukaja mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023. Betri ya akiba ilikuwa ndoto kwangu. Kilichoniokoa ni tabia moja ya GROMACS, programu ya bure ya uigaji iliyozaliwa Groningen, Uholanzi: usipoibadilisha, huhifadhi hali ya kazi kila dakika 15. Umeme ukikatika unapoteza robo saa tu, ukirudi unaendelea ulipoishia. Nikaandika amri fupi ya kuiamsha mashine yenyewe, nami gizani nikawa nasahihisha madaftari ya twisheni kwa tochi ya simu. Kemia ya kidato cha sita ndiyo iliyolipa Luku.

Lakini kilichokaribia kunivunja moyo ni tone. Utafiti wangu ulitaka matone ya mafuta, na tone ni duara. Ndani ya tone safi la nusu kipenyo cha nanomita 5, kanieneo huzidi ya nje kwa takribani angahewa 200, na ile hesabu ya boksi haifanyi kazi tena. Unapima tabaka kwa tabaka kuanzia katikati, halafu unaulizwa: uso uko wapi hasa? Kwa miseli shida ni zaidi. Nusu kipenyo chake ni kama nanomita 2, mikia inatangatanga, maji yanapenya kati ya vichwa. Namba zangu zilikataa kutulia. Kuna usiku nililia, sioni haya kusema.

Nikamwomba msimamizi wangu turudi kwenye mpaka bapa. Akakataa, wengine walishaufanya zamani. Nikang'ang'ana. Nilihitaji namba moja ninayoweza kuiapia kabla ya kugusa duara. Mpaka bapa ukatulia, hatimaye. Niliongeza sabuni usoni kidogo kidogo, hata kupita inavyojipanga yenyewe, mvutano ukashuka hadi ukagusa sifuri. Nilipozidisha, uso wote ukakunjamana kwa kukosa nafasi. Nilicheka peke yangu chumbani, jirani akagonga ukuta.

Matone tuliyamalizia kwa muda tuliopewa kwenye Lengau, kompyuta kubwa ya kituo cha CHPC, Cape Town. Kufikia hapo nilikuwa na Luku yangu mwenyewe. Mama mwenye nyumba aliniruhusu kuifunga kwa gharama zangu, na mwanawe akaingia twisheni bure.

Siku ya utetezi wa tasnifu mtahini akauliza mvutano wa miseli ni ngapi. Nikamjibu kwamba sitampa namba moja: inategemea unachora uso wapi, na kwa kitu kidogo hivyo kila mchoro una jibu lake. Akaandika kitu, akafungua ukurasa mwingine. Nilifaulu, na marekebisho. Mengi yalihusu jedwali la viwango vya makosa.