MUSA ALIKASIRIKA, LAKINI MANA ILISHUKA



Wengi mmeniandikia mkiuliza kwa nini jana sikupanda madhabahuni, na kwa nini nilikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Leo nitawaambia ukweli, hata kama ukweli huo haunipi sifa. Soma kwanza Kutoka 16, kisha urudi hapa.

Siku kumi na moja zilizopita, Alhamisi, mimi na mke wangu tulipokea watoto wawili nyumbani kwetu hapa Raila. Msichana ana miaka 13, kaka yake ana 9. Majina yao sitayataja. Walitoka Goma baada ya mji ule kuangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wakapitia Uganda na majirani, wakafika Nairobi. Baba yao alizikwa huko. Mama yao walipoteana naye njiani, na Msalaba Mwekundu bado unamtafuta.

Kwa hiyo hatujawaasili. Sheria ya Watoto ya 2022 inatenganisha mambo haya mawili. Kuasili hupitia mahakamani, na mtoto anakuwa wako kabisa. Sisi tumekabidhiwa kuwalea kwa muda, ofisi ya watoto ikiangalia. Mama yao akipatikana kesho, kazi yetu ni kufungasha nguo zao na kushukuru Mungu. Naandika hivyo kwa urahisi. Moyoni si rahisi.

Siku ya kwanza nilikuwa nimeandaa maneno. Nikawaambia: karibuni nyumbani, kuanzia leo mimi ni baba yenu. Msichana akatazama chini, akasema, "Aksanti, pasta." Mvulana hakusema kitu. Alikuwa anahesabu sufuria zilizo jikoni. Nilimwona akihesabu, ila sikuelewa.

Usiku ule taa ilipozimwa aliuliza swali moja tu gizani: "Kesho kutakuwa bugali?" Bugali ni ugali kwa Kiswahili chao. Nikacheka kidogo, nikamwambia alale.

Jumamosi asubuhi mke wangu aliinua godoro ili alianike. Chini yake kulikuwa na vipande vya ugali, chapati mbili na kichwa cha samaki, vyote vimefungwa kwa karatasi ya unga. Vilikuwa vimeanza kunuka. Damu ikanipanda. Nikaanza kusema, "Katika nyumba hii hatuibi." Mke wangu akanivuta nje, tukasimama karibu na mitungi ya maji, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pasta, hawajaiba. Wameweka akiba ya safari."

Nilinyamaza, lakini sikuwa nimejifunza, kwa sababu kesho yake nilifanya kosa kubwa zaidi.

Jumapili, katikati ya ibada, niliwaita mbele. Wengi wenu mlikuwepo. Nilitaka kanisa liwaone, liwaombee, lishangilie wema wa Mungu. Na nikiri leo: nilitaka pia muone mchungaji wenu amefanya nini. Mlipiga makofi, kinanda kikapanda, ndugu mmoja akatoa simu apige picha. Mvulana alianza kutetemeka. Akajikojolea palepale mbele ya watu wote. Dada yake akamshika mkono, wakatoka. Mimi nikadhani wanaenda nyumbani kubadilisha nguo, nikaendelea na mahubiri. Nilihubiri dakika arobaini.

Nyumbani hawakuwepo.

Tuliwatafuta kutoka Raila hadi Gatwekera, tukafuata reli, tukapanda mpaka Olympic tukiuliza makondakta. Saa kumi na mbili jioni bado. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyomwambia ofisa wa watoto kwamba siku ya nne tu nimewapoteza. Nilikuwa nawaza mama yao. Mahali fulani ulimwenguni kuna mwanamke anayeomba Mungu awape watoto wake mtu mwema, na huyo mtu mwema ni mimi.

Saa mbili usiku simu ikalia. "Pasta, batoto beko huku." Alikuwa mama mmoja Mkongomani anayeishi Kawangware, waliyefahamiana naye siku za mwanzo walipokuwa wakiandikishwa. Walikuwa wametembea kwa miguu, wakiuliza njia kwa Kiswahili ambacho vijana wetu wanakicheka.

Nilipofika walikuwa wanakula sombe. Yule mama alinipa kigoda, akasubiri nipumue, kisha akanieleza polepole. Kule walikotoka, alisema, wenye bunduki wakifika wanawakusanya watu, halafu wanaita mmoja mmoja aje mbele. Anayeitwa mbele harudi. "Wewe uliita kwa upendo, pasta. Lakini mtoto hakusikia upendo. Alisikia kuitwa."

Wapendwa, nina miaka mingi kwenye huduma. Sijawahi kuhubiriwa hivyo. Nilipiga magoti pale sakafuni mbele ya watoto nikawaomba msamaha. Msichana akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akasogea kwenye mkeka nipate nafasi ya kukaa.

Usiku ule sikulala, nikafungua Kutoka 16. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na kila mara niliwachapa wale waliobakiza mana hadi asubuhi ikaingia mabuu na kunuka. Niliwaita watu wasio na imani. Safari hii niliona kitu kingine. Wale walikuwa watu waliotoka utumwani juzi tu, na mtu aliyetoka utumwani haamini kesho. Hata ukimwahidi, ataweka kidogo chini ya godoro.

Maandiko yanasema Musa aliwakasirikia. Ila asubuhi iliyofuata, mana ilishuka tena. Mungu hakuwafukuza wala kuwapunguzia. Alijibu hofu yao kwa chakula cha asubuhi, na cha asubuhi nyingine, miaka 40. Na huyo Musa aliyekasirika, yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kulelewa. Alipelekwa kwa binti Farao akiwa ameshakua kidogo, akitoka mikononi mwa mama yake mzazi, na jumba lote lile la kifalme halikumfanya asahau ndugu zake. Nikasema, Bwana, mimi ni Musa kwa hasira. Nifundishe kuwa mana.

Jumatatu mke wangu alichukua kopo kubwa la mafuta ya kupikia, akaliosha, akajaza mandazi na njugu, akaliweka kando ya kitanda chao. Akawaambia, "Hili ni lenu. Usiku, mchana, msiombe ruhusa. Likipungua nitajaza." Siku tatu za kwanza lilikuwa likiamka tupu. Akajaza bila neno. Ijumaa lilibaki nusu. Jana asubuhi tulikuta pungufu ya andazi moja tu.

Jana pia walikubali kurudi kanisani, kwa sharti la msichana: wakae karibu na mlango. Ndiyo maana mliniona huko nyuma. Baba hukaa walipo watoto.

Bado ananiita pasta. Sijamwomba aniite vinginevyo. Ana baba yake, na ana mama anayetafutwa.

Sasa neno kwako. Kuna mtu anayesoma hapa ameokoka miaka kumi, anaimba, anatoa zaka, lakini chini ya godoro lake kuna ugali unaonuka: kinyongo alichohifadhi, mpango wa siri endapo Mungu atashindwa. Sikuchapi leo. Nakuambia tu, kesho asubuhi rehema itashuka tena. Jaribu kulala na kopo likiwa limejaa.

Na kwa kanisa langu: mkikutana na watoto hawa, wasalimieni kama mnavyowasalimia wengine. Msiwaulize habari za vita. Msicheke Kiswahili chao, ni Kiswahili. Msiwapige picha, mimi mwenyewe sijaweka hata moja hapa. Na kama Mungu anakugusa kulea mtoto, anza ofisi ya watoto, fuata utaratibu, usichukue mtoto kienyeji.

Jana usiku taa ilipozimwa, kijana aliuliza tena: "Kesho kutakuwa bugali?"

Sikucheka. Nikasema, "Kutakuwa."

Akageukia ukuta, akalala.

Tuombe: Baba wa yatima, mkumbuke mama anayetafutwa, popote alipo usiku huu. Utupe leo chakula cha watoto wake. Utufanye watu wa kuaminika asubuhi. Katika jina la Yesu, amina.