Kijana Ataongea Saa Ngapi?

Juma hili tuzungumze juu ya watoto wetu wakubwa, wale waliomaliza masomo ao walioyaachia njiani, ambao hatujui tena tuwaite watoto ao watu wazima.

Sisi walimu tunakaa nao kila siku. Kwenye benchi moja mtoto wa Kitwa na mtoto wa Kiluba wanaazimana kalamu. Lakini sote tunakumbuka 2016 na 2017, watu walipokimbia Nyunzu, Manono na vijiji vya kwetu, wakajenga vibanda pembeni ya mji, Katanika na kwengineko. Wengi waliotumwa na mishale na mapanga walikuwa vijana. Siku ya vita hakuna aliyewaambia kwamba wangali wadogo.

Mwezi wa pili 2017 wakubwa walikutana hapa Kalemie kutafuta amani, na baraza zikaundwa ili Batwa na Baluba wamalize ugomvi kwa maneno. Ni kazi njema. Shida ni moja: wakati wa amani kijana anasahauliwa.

Mwaka jana kikundi chetu kilialikwa kwenye kikao cha usalama katika kartie moja ya mji huu. Vijana wanne walikuwepo. Walipanga viti, wakagawa maji, kisha wakaambiwa wangoje nje. Ndani tulizungumza muda mrefu juu ya wizi wa usiku bila kupata jibu. Tulipotoka, mmoja wao akatuonyesha njia ambayo wezi wanapitia na saa wanayopita. Tukamuuliza, «Mbona hukusema?» Akajibu, «Mama, nani aliniuliza?»

Wamama, jibu hilo tunalijua. Sisi pia tulikuwa tunapika wakati wanaume wanapanga amani. Mwaka 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 1325, likasema wanawake wawe na nafasi katika mambo ya amani. Tarehe 9 Desemba 2015 likapitisha azimio 2250 kwa ajili ya vijana, wa miaka 18 mpaka 29. Linaomba nchi ziwape nafasi pale maamuzi yanapochukuliwa, tena ziwalinde. Mlango tuliofunguliwa sisi, tusiwafungie watoto wetu. Na tangu Monusco ilipoondoka jimboni kwetu 2022, usalama wa mitaa unatutegemea sisi wenyewe zaidi.

Mama mwingine atasema: mtoto wangu akiongea juu ya watu wenye silaha, nani atamlinda usiku? Swali hilo ni la kweli, na hatuwezi kulipita. Mdomo wa kijana usiwe sababu ya kaburi lake. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu.

La kwanza, kila kikundi cha wamama kinachoalikwa kwenye kikao kiende na kijana mwanaume mmoja na msichana mmoja, na pale ambapo Batwa wanaishi, watoto wao wasiachwe.

La pili, kabla ya kikao tukubaliane na shefu: kijana anasema mahali na saa, hataji majina mbele ya watu wote, na jina lake mwenyewe haliandikwi. Kama ana la siri, alipitishe kwa mama anayemwamini.

La tatu, kikao kifanyike mchana. Msichana akirudi nyumbani gizani, wazazi wake hawatamruhusu mara ya pili, na watakuwa na haki.

Mambo hayo hayaombi feza. Yanaomba tu mama mmoja asimame mwanzoni mwa kikao kijacho, kwa heshima yote mbele ya wazee, na kuuliza: «Kijana ataongea saa ngapi?» Asikae mpaka saa hiyo imeandikwa kwenye programu.